Jina la Mtarizi: Uchambuzi wa Kisa cha The Dinner Party

Kati ya mwaka 1974 na 1979, katika karakana moja mjini Santa Monica, California, msanii Judy Chicago na watu wapatao 400 waliojitolea kwa vipindi tofauti walitengeneza meza ya pembetatu ambayo kila upande wake una urefu wa futi 48, yaani karibu mita 14 na nusu. Meza hiyo ina nafasi 39, kumi na tatu kila upande, na kila nafasi imetengwa kwa ajili ya mwanamke mmoja wa historia au wa visasili, aliyewekewa sahani ya kaure iliyochorwa kwa mkono, kikombe, vyombo vya kulia na kitambaa kirefu kilichotariziwa. Chini yake imetandazwa sakafu ya vigae vya kaure zaidi ya 2,300, na juu ya vigae hivyo yameandikwa kwa rangi ya dhahabu majina mengine 999, karibu yote ya wanawake. Kazi hiyo inaitwa The Dinner Party, yaani karamu ya chakula cha jioni, na kila unapozuka mjadala kuhusu watetezi wa haki za wanawake kurudia sindano, uzi na sufuria, ni vigumu kuikwepa.

Nimeichagua kwa sababu ndani yake yamo karibu maswali yote ambayo mjadala huo huyaibua, na kwa sababu yaliyotokea yameandikwa na kuhifadhiwa kwa kiwango ambacho visa vingi vya kazi za nyumbani havikubahatika kukipata. Swali langu ni hili: wanawake wanapochukua kazi iliyodharauliwa na kuipeleka mahali pa heshima, ni nani hasa anayeheshimiwa? Anaweza kuwa mwanamke anayekumbukwa kwenye kitambaa, au msanii ambaye jina lake liko ukutani, au yule aliyeinamia kitambaa hicho miezi kwa miezi akihesabu mishono. Naamini kazi hii iliutendea haki ustadi wa sindano kuliko kazi yoyote iliyoitangulia katika kumbi kubwa za sanaa za Marekani, na papo hapo iliacha deni kwa walioishika sindano hiyo.

Hali ilivyokuwa kabla ya 1974

Kuchukua sahani na sindano halikuwa jambo dogo kwa mwanaharakati wa wakati ule. Mwaka 1963 mwandishi Betty Friedan alikuwa ameueleza umma wa Marekani jinsi wanawake wa tabaka la kati, wenye elimu na nyumba nzuri, walivyokuwa wakidhoofika kwa kukosa kazi yenye maana nje ya jiko na malezi, na wasomaji wake wengi waliamini kwamba ukombozi unaanza pale mwanamke anapovuka kizingiti cha jikoni. Hoja hiyo ilikuwa na mizizi ya zamani. Mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft, katika utetezi wake wa haki za wanawake wa mwaka 1792, alilalamika kwamba kazi ya sindano inafinya akili za wasichana kwa kuyafungia mawazo yao kwenye miili na mavazi yao. Kwa hiyo mwanamke aliyerudia uzi kwa hiari yake alionekana kama mtu anayerudi kifungoni.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli mwingi, lakini ilikuwa na ufa. Mtu kukataa kazi aliyolazimishwa ni jambo linaloeleweka kabisa. Kuidharau kazi yenyewe pamoja na ujuzi uliomo ni kukubaliana na wale waliosema tangu mwanzo kwamba chochote kinachofanywa na mwanamke nyumbani hakina thamani. Wanahistoria wa sanaa Rozsika Parker na Griselda Pollock walikuja kuonyesha mwaka 1981 kwamba utaratibu wa kuiweka michoro ya rangi za mafuta juu na utarizi chini haukutokana na ugumu wa kazi wala uzuri wake, kwani ulifuata jinsia ya mtendaji na mahali alipofanyia kazi. Aliyechora ua kwenye turubai katika karakana aliitwa msanii, na aliyelitarizi ua lilelile kwenye mto akiwa sebuleni aliambiwa ana mikono mizuri.

Mfano wa karibu ulionekana New York mwaka 1971, pale Whitney Museum ilipotundika ukutani mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na wanawake wa Marekani katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Yalisifiwa sana, lakini kwa kigezo cha ajabu: kwamba yalifanana na michoro ya dhahania ya wanaume wa kisasa. Washonaji wengi hawakutajwa kwa majina. Patricia Mainardi alipoandika kuyatetea mablanketi hayo mwaka 1973, alisisitiza kwamba wanawake hao walijua walichokuwa wakikifanya, na kwamba wengine walitia majina yao na tarehe kwenye kazi zao. Ustadi uliingizwa ndani ya jumba la makumbusho huku mwenye ustadi akiachwa mlangoni. Jambo hilo linafaa kushikwa akilini, kwa sababu The Dinner Party ilikusudiwa kuliondoa.

Chicago mwenyewe alikuwa amekwisha kulijaribu jiko kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1971 yeye na msanii mwenzake Miriam Schapiro, pamoja na wanafunzi wao wa California Institute of the Arts, waliichukua nyumba iliyotelekezwa huko Hollywood, wakaikarabati kwa mikono yao na kuigeuza kuwa maonyesho yaliyoitwa Womanhouse, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 1972. Jiko lake lilipakwa rangi ya waridi kila mahali, na darini yakabandikwa mayai ya kukaanga ambayo, kadiri yalivyoshuka ukutani, yaligeuka polepole kuwa matiti. Katika chumba kingine Faith Wilding alifuma kwa sindano ya kroshia utando mkubwa unaomzunguka mtu kama banda. Hapo nyumba ilishitakiwa kwa lugha ya nyumba yenyewe. Ila palikuwa na mashitaka zaidi kuliko heshima, na heshima ndiyo iliyofuata mezani.

Meza na vitambaa vyake

Chicago alisomea uchoraji na uchongaji. Utarizi haukuwa kazi yake. Alianza kwa kujifunza kuchora kwenye kaure kutoka kwa wanawake walioifanya kazi hiyo majumbani mwao, kazi inayodai rangi itiwe kwa tabaka nyembamba na kila tabaka lirudishwe tanurini, huku kila safari ya tanurini ikiwa na hatari ya kuipasua sahani. Wanawake hao walikuwa na ujuzi wa miaka mingi, na kazi zao nyingi ziliishia kwenye makabati ya sebuleni. Kutoka hapo lilizaliwa wazo la karamu. Chicago ameeleza kwamba alitaka kuitazama upya Karamu ya Mwisho ya Yesu na wanafunzi wake kwa macho ya wale waliopika, na ndiyo sababu ya wageni kumi na tatu kila upande. Sijaona maelezo mengine ya kazi hii yaliyo mazito kuliko hayo. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walichora mkate, divai na wanaume waliokaa kuvila, na hakuna aliyeuliza unga ulikandwa na nani.

Upande wa kwanza wa meza unaanzia kwa mungu wa kike wa kale hadi Hypatia wa Alexandria, wa pili unatoka kwa Marcella wa Roma hadi Anna van Schurman, na wa tatu kwa Anne Hutchinson hadi mchoraji Georgia O'Keeffe, ambaye peke yake miongoni mwa wageni wote alikuwa hai kazi ilipofunguliwa. Sahani za mwanzo ni bapa. Kadiri msafara unavyokaribia zama zetu ndivyo sahani zinavyoinuka na kuchongwa, kana kwamba zinajitahidi kutoka mezani.

Sahani ndizo zilizozua kelele, kama tutakavyoona, lakini kiini cha kisa hiki kimo katika vitambaa. Mpango wa mwanzo ulikuwa mdogo. Ulipanuka baada ya Susan Hill, aliyekuja kuongoza chumba cha utarizi, kuleta katika karakana ujuzi wa utarizi wa makanisani, ule wa vitambaa vya altare na mavazi ya mapadri, na ikaonekana wazi kwamba kuna historia nzima ya Ulaya iliyoandikwa kwa nyuzi ambayo shule za sanaa hazikuifundisha. Tangu hapo kila kitambaa kikatengenezwa kwa mbinu za zama za mwanamke aliyekalishwa hapo. Ilibidi watarizi wasome, watafute mifano ya kale, wajaribu mishono iliyokwisha kusahaulika na kufumua walichokosea. Nani angeliita jambo hilo kupoteza wakati? Huo ulikuwa utafiti wa kihistoria uliofanywa kwa vidole.

Tukitazame kwa karibu kitambaa cha Wollstonecraft, yuleyule aliyeilaumu sindano. Kimepambwa kwa mbinu walizofundishwa mabinti wa familia za heshima nchini Uingereza katika karne ya 18: utarizi wa nyuzi za sufu, lesi, na vinyago vidogo vya kitambaa vilivyojazwa ndani hadi vikatuna juu ya nguo. Upande unaoelekea mbele umejaa maua na wanyama wadogo, mapambo matamu yasiyomdhuru mtu. Anayezunguka hadi upande wa nyuma anakutana na kitanda. Wollstonecraft anakufa baada ya kumzaa binti yake mwaka 1797, na kifo hicho kimeonyeshwa kwa mbinu zilezile za maua. Wapo wanaoona kwamba huko ni kumkosea adabu mwanamke aliyetaka wasichana waondolewe sindano. Mimi naona watarizi walimjibu kwa heshima kubwa: walikubali kwamba mbinu hizi zilitumika kuwafungia wanawake ndani, kisha wakaonyesha kwamba mbinu hizohizo zinaweza kubeba msiba, hasira na fikra. Sindano iliyofundishwa kutotamka lolote imetamka hapo jambo zito kabisa.

Sahani ya mshairi Emily Dickinson ina safu juu ya safu za lesi ya rangi ya waridi iliyopauka. Lesi ya kweli ya uzi ilichovywa katika udongo wa kaure uliolainishwa hadi kuwa uji, ikapangwa kwenye sahani na kuingizwa tanurini. Moto uliuteketeza uzi na kuacha umbo la kila tundu na kila fundo likiwa limeganda katika kaure. Ni mbinu waliyoizoea watengenezaji wa vinyago vya mapambo vya bei rahisi, vile ambavyo mhakiki wa sanaa hupita bila hata kuvitupia jicho, na hapa imetumika kumweka mezani mwanamke aliyeandika mashairi karibu 1,800 na kuona machache tu yakichapishwa katika uhai wake.

Saa za kazi

Watu wapatao 400 waliopita katika karakana hiyo walikuwa wengi wao wanawake, ingawa wanaume nao walikuwemo. Baadhi walikaa majuma machache, wengine miaka. Kila Alhamisi jioni walikusanyika kula, kila mtu akileta chakula, na baada ya mlo wakazungumza juu ya kazi, ndoa, fedha na migogoro yao wenyewe. Inastahili kusemwa kwamba karamu ya kaure ilijengwa juu ya karamu ya kweli iliyopikwa na kuoshewa vyombo kila juma. Waliofanya kazi hapo wameeleza kwamba karakana iliwafundisha nidhamu na kuwapa imani kwamba kazi yao ina maana.

Idadi kubwa kati yao hawakulipwa. Ubunifu ulikuwa wa Chicago, uamuzi wa mwisho ulikuwa wake, na hakuwahi kudai kwamba kazi ilibuniwa na wote kwa usawa. Wakosoaji walisema, na bado wanasema, kwamba hapo utaratibu wa kale ulijirudia: bingwa mmoja anajulikana ulimwenguni, na wanawake wengi wasio na malipo wanashona. Watetezi wake hujibu kwamba karakana za mabingwa wa Ulaya ziliendeshwa hivyo kwa karne nyingi bila mtu kulalamika, na kwamba Chicago alikwenda mbali zaidi yao kwa kuambatisha kwenye maonyesho mabango yenye majina ya waliofanya kazi naye.

Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Wanafunzi wa karakana za kale walitarajia kuwa mabingwa wenyewe siku moja. Mtarizi wa Santa Monica hakuwa na ngazi ya namna hiyo. Isitoshe, katika miaka ileile kundi jingine la wanafeministi lilikuwa likipigania jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Kampeni ya kimataifa ya kudai mshahara kwa kazi za nyumbani ilianzishwa mwaka 1972 huko Padua, Italia, na Selma James, Mariarosa Dalla Costa, Silvia Federici na Brigitte Galtier. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ya mwanamke nyumbani huitwa upendo ili isilipwe. Ukiichukua hoja hiyo ukaenda nayo hadi karakanani, unalazimika kuuliza kama neno harakati halikufanya kazi ileile iliyofanywa na neno upendo. Sisemi kwamba waliojitolea walidanganywa. Walikuwa watu wazima waliochagua, na bila wao kazi isingekuwepo, kwani hapakuwa na taasisi iliyokuwa tayari kugharimia miaka mitano ya utarizi. Nasema kwamba ufukara huo wa fedha ulitokana na dharau ileile ambayo kazi ilikusudia kuiondoa, na kwamba waliolipa gharama yake ni waliokuwa na sindano mkononi.

Mapokezi

Maonyesho yalifunguliwa San Francisco Museum of Modern Art tarehe 14 Machi 1979. Katika muda wa miezi mitatu hivi watu wapatao 100,000 walikwenda kuyatazama. Kwa mafanikio hayo mtu angetarajia majumba mengine kugombania nafasi, lakini yaliyokuwa yamepangwa kuyapokea baadaye, Seattle na Rochester, yalijitoa, na meza ikafungwa ndani ya masanduku. Iliyoitoa humo ni michango ya watu wa kawaida. Mwaka 1980 wakazi wa Houston walichangisha fedha na kuipeleka University of Houston–Clear Lake, na miji mingine ikafuata njia hiyo. Hatimaye ilioneshwa katika nchi sita na kutazamwa na watu wapatao milioni moja.

Ilipofika Brooklyn Museum mwaka 1980, mhakiki Hilton Kramer wa New York Times aliihukumu kuwa kazi ya kihuni na ya urembo wa bei rahisi. Kilichomkera zaidi ni maumbo ya sahani, ambazo nyingi zinachanganya kipepeo au ua na umbo la uke. Katika ukali huo vitambaa havikupata uchambuzi vilioustahili. Jambo hilo linanisikitisha kuliko ukali wenyewe, kwa kuwa hukumu iliyotolewa bila kutazama mishono ni hukumu juu ya nusu ya kazi.

Lawama nzito zaidi zilitoka kwa wanawake. Mezani kuna mwanamke Mmarekani mweusi mmoja tu, Sojourner Truth, na sahani yake ina nyuso tatu ambapo za majirani zake zina maumbo ya mwili wa kike. Mwandishi Alice Walker mwaka 1979, na baadaye mhakiki wa fasihi Hortense Spillers mwaka 1984, waliona hapo kutoweza kwa wanawake weupe kumfikiria mwanamke mweusi kuwa mwanamke kamili. Naona hawakumwonea mtu. Inashangaza zaidi kwa sababu kitambaa kilichowekwa chini ya sahani hiyo kinaunganisha ufumaji wa Kiafrika wa vipande vyembamba na ushonaji wa viraka wa Marekani, yaani waliotafiti nyuzi waliona kitu ambacho sahani haikukiona: kwamba wanawake weusi walikuwa na historia yao ya ufundi, iliyovuka bahari pamoja nao na kuishi ndani ya utumwa.

Baada ya karamu

Mwaka 1990 Chicago alijitolea kuitoa kazi hiyo kwa University of the District of Columbia, mjini Washington. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani wabunge kadhaa waliishambulia kuwa ni ponografia, na baraza likapiga kura ya kukata dola milioni 1.6 katika bajeti ya chuo. Wanafunzi nao waliandamana, wakihofia fedha za chuo chenye mahitaji mengi kutumika kwa ajili ya maonyesho. Chicago aliiondoa zawadi yake. Meza ilipata makao ya kudumu mwaka 2002, pale taasisi ya Elizabeth A. Sackler ilipoinunua na kuikabidhi Brooklyn Museum, na tangu 2007 imewekwa katika kituo cha sanaa ya kifeministi cha jumba hilo.

Kinachonivutia zaidi ni kile Chicago alichokifanya mara baada ya 1979. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1985 aliendesha mradi ulioitwa Birth Project, uliohusu uzazi, akishirikiana na watarizi zaidi ya 150 walioishi Marekani, Kanada na New Zealand. Safari hii hawakukusanyika karakanani. Kila mmoja alifanyia kazi nyumbani kwake, na michoro ya Chicago ikasafiri kuwafuata, kisha wakakutana naye kwa vipindi kukagua maendeleo. Baadhi ya vipande vilichukua zaidi ya mwaka mmoja kukamilika, kwa sababu saa za kutarizi zilipatikana baada ya watoto kulala. Kazi zilipotundikwa, ziliambatana na maelezo ya nani alizishona na kwa mbinu zipi, na jina la mtarizi likaandikwa pamoja na la mbunifu.

Hatua hiyo haikuligusa suala la malipo. Watarizi wa mradi wa pili nao walijitolea. Lakini mpangilio ule ulibadilisha anachokiona mtazamaji, kwani alijua kwamba mbele yake kuna kazi ya watu wawili, mmoja aliyeifikiria na mwingine aliyeifikiria tena kwa mikono, akiamua uzi upi ufifishwe na mshono upi ukazwe ili mchoro wa penseli uwe ngozi, damu au maji. Uamuzi wa namna hiyo ulifanyika pia katika vitambaa vyote 39 vya Santa Monica, na anayetaka kuvisoma ipasavyo leo pale Brooklyn aanze na mabango ya majina kabla ya kuiendea meza.